Safari ya Kumwombea Ndugu Yangu Msamaha kwa Chama

Sababu ya safari hii ilikuwa simu. Nilikuwa ofisini kwangu Mombasa, ofisi ambayo jina langu limeandikwa mlangoni kwa rangi ya dhahabu na chini ya jina pameandikwa diploma yangu, nikikagua ramani ya shamba la mkonge, ndipo sauti ya Nyawira, binti wa kaka yangu Ndirangu, ikanifikia kutoka posta ya Nyeri.

"Baba mdogo," alisema, "baba amefukuzwa."

Nilimwuliza amefukuzwa wapi, maana kaka yangu ni mfugaji wa Mweiga, na mfugaji hana tajiri wa kumfukuza. Akajibu kwamba amefukuzwa kwenye Chama. Nikacheka. Nikamwambia Chama si kazi, mtu akifukuzwa hukaa nyumbani kwake akanywa chai. Nyawira hakucheka. Alisema watu wa Timau, waliokuwa walete mbuzi wa mahari yake mwezi ule, wametuma neno kwamba hawawezi kuingia katika boma la mtu aliyefukuzwa, na kwamba kama mimi sitakwenda kumtafutia baba yake msamaha, ndoa hiyo aihesabu kuwa imekufa.

Niwaambie wasomaji wa pwani kidogo juu yangu, ili wajue ni mtu wa namna gani aliyesafiri. Mimi ni mtoto wa Wamagana, katika vilima vya Tetu, nilikokwenda shule miguu mitupu juu ya umande unaouma kama kisu. Nilifika Uskochi kwa akili yangu, nikaosha masufuria ya hoteli jioni na kusoma upimaji wa ardhi mchana. Nikarudi na diploma, koti la sufu, na Kiingereza ambacho Mskochi mwenyewe alikipokea bila kukirudisha. Mashamba mengi mnayoyapita mkienda Kilifi au Voi, mipaka yake niliiweka mimi. Nimeketi na mawaziri. Sikujua mlango wowote katika nchi hii ambao ungekataa kufunguka nikiugonga.

Ilikuwa miaka ya themanini, wakati wa Chama kimoja, nanyi mnaikumbuka. Lakini pwani tuliibeba falsafa yake, ile ya amani, upendo na umoja, kama mtu anavyobeba mwavuli: ipo mkononi, mvua ikija unaifungua. Sikujua kwamba bara walikuwa wameijengea hekalu.

Nairobi niliipita asubuhi nikashika barabara ya Thika. Gari langu lilikuwa jipya na nilikuwa nimevaa suti. Mbele ya Sagana kulikuwa na kizuizi cha polisi, na koplo mmoja, mtu wa upande wa Busia kwa matamshi yake, aliinama dirishani. Nilimnyoshea leseni ya udereva. Hakuitazama. Alitazama ukosi wa koti langu.

"Mzee, beji iko wapi?"

Nikamwambia beji yangu ya Chama iko ndani ya kisanduku cha gari, pamoja na kadi ya uanachama ya maisha. Akasema kwa upole kabisa, kama mhudumu wa kanisa anayemwonyesha mgeni mahali pa kuketi, kwamba nivae tu, mbele huko watu wako na macho. Nikavaa. Leseni hakuiomba tena.

Karatina nilisimama kununua ndizi. Kina mama wauza viazi walikuwa wameketi juu ya magunia yao, na kila mmoja alikuwa amejibandika beji juu ya sweta, pale pale ambapo mama yangu alikuwa akibandika msalaba wa bati wa umoja wa akina mama. Mmoja alikuwa na vyote viwili. Beji ilikuwa juu.

Nyeri nilifika adhuhuri, mlima umejifunika mawingu hadi shingoni. Nilikwenda Majengo kwa Salim, rafiki yangu tangu tukiwa wanafunzi. Salim ni Mwislamu wa mji huo. Babu yake alikuja na jeshi la Mwingereza, bibi yake ni Mgikuyu wa Othaya, naye anauza vitambaa na vyombo. Duka lake dogo halina pambo, ila juu kabisa ya ukuta, kupita hata saa, ilikuwepo picha ya Mkuu wa Nchi katika fremu ya kioo.

Nilimtania. Nikasema, "Salim, wewe ambaye ulikataza hata picha ya harusi yako isitundikwe ukutani."

"Hiyo si picha, bwana," alisema. "Hiyo ni leseni."

Akanieleza kwamba swala yake siku hizi anaswalia chumba cha nyuma. Kisha alipunguza sauti akaniambia yaliyompata kaka yangu, kwa kuwa mji wote ulikuwa ukiyajua.

Kulikuwa na sherehe ya kufungua josho la ng'ombe huko Mweiga. Ndirangu ni mzee wa kanisa, na ndiye mfugaji mkongwe wa eneo lile, kwa hiyo aliombwa afungue mkutano kwa maombi. Akavua kofia, akafumba macho, akaomba. Aliombea mvua. Aliombea wajane. Aliombea ng'ombe, kwa kuwa josho ni la ng'ombe, akawaombea wasiuawe na ndigana, homa ya kupe, wala wasizae ndama wafu. Kisha akasema amina. Hakumtaja Rais. Hakuitaja falsafa, wala amani, upendo na umoja.

Mwenyekiti wa tawi akasimama akasema, "Mzee Ndirangu, umesahau mtu. Rudia hiyo maombi."

Hapo, Salim alisema, ndipo kosa lilipokuwa. Mtu mwingine angesema samahani, akafumba macho tena. Lakini kaka yangu ni mtu wa kanisa la wazee, ambako mtoto huchapwa kwa kuongea baada ya amina. Alijibu kwamba amina imeshasemwa, na maombi hayaongezwi mkia.

Kamati ya nidhamu ya tawi ilikaa juma lile lile. Shtaka lilikuwa kuweka ng'ombe mbele ya Rais.

Mweiga nilifika alasiri. Nililipita lango la chama cha ushirika cha maziwa, nikapanda njia ya udongo mwekundu hadi kwa kaka yangu. Shemeji yangu Wangari alikuwa akimwaga maziwa ndani ya hori la nguruwe. Maziwa ya asubuhi, mazuri, yenye malai juu. Gari la ushirika, alisema, halisimami tena kwenye lango lao. Hakuna aliyetoa amri. Dereva tu, anapokaribia, huongeza mwendo.

Kaka yangu nilimkuta ameketi juu ya gogo, akinoa panga. Ni mtu mrefu, mkubwa kwangu kwa miaka mingi; alipokuwa kizuizini kwa Mwingereza wakati wa Hali ya Hatari mimi nilikuwa bado nachezea matope. Tulisalimiana. Nikamwuliza mbona hakuvaa suti, maana ilikuwa Jumapili. Akasema ametoka kanisani mapema. Kanisa nalo lilikuwa limemwomba, "kwa ajili ya amani", asiketi na wazee wenzake kwa muda, akae benchi la nyuma. Mnaojua makanisa yetu mnajua benchi hilo. Ni la wasichana waliopata mimba na wanaume waliooa mke wa pili. Mtu hukaa hapo bila kugusa Meza ya Bwana mpaka asimame mbele ya watu atubu. Chama kilikuwa kimemfukuza, na kanisa likapitisha hukumu hiyo kama yake.

Nikamweleza mpango wangu. Kesho nitakwenda kumwona mwenyekiti, nitazungumza naye kama msomi, jambo litaisha. Pengine atahitajika kusema maneno mawili matatu mbele ya mkutano. Maneno tu.

Kaka yangu aliweka panga chini.

"Kambini," alisema, "Mzungu aliniambia maneno tu. Tubu kiapo chako cha msituni, utarudi nyumbani. Alikuwa na mtu amefunikwa gunia, matundu mawili ya macho, anatikisa kichwa: huyu ndiyo, huyu siyo. Nilikataa. Wenzangu wakatubu wakaenda, mimi nikakataa. Halafu nikasikia mama anaumwa. Nikatubu. Nikasema kila walichotaka niseme. Nilipofika Wamagana nilikuta kaburi limeshaota nyasi."

Nikamwambia yale yalikuwa ya Mzungu, hii ni serikali yetu.

"Ndiyo," akasema. "Mzungu alitaka nitubu kiapo. Hawa wanataka nitubu sala."

Nikamwuliza kuhusu Nyawira. Akasema Nyawira ndiye sababu hakumzuia kunipigia simu. Mimi nimesoma, labda ninajua njia ambayo yeye haijui.

Asubuhi iliyofuata nilipita kwanza shuleni, kwa kuwa Nyawira ni mwalimu wa shule ya msingi ya hapo na nilitaka kumwona. Watoto walikuwa wamepangwa uwanjani kwenye baridi, mikono kifuani, wakitamka kiapo cha utii kwa sauti moja. Nyawira ndiye aliyekuwa akiwaongoza. Sauti yake ilikuwa safi na haikutetemeka. Kiapo chenyewe kilikuwa kwa Kiswahili, na nusu ya watoto wale wadogo walikuwa hawajui Kiswahili bado. Walitamka kama sisi zamani tulivyoimba nyimbo za Kilatini kwa mapadri wa Italia, tukijua tu mahali pa kupumua. Lugha yetu hii, watu wa pwani, mnayoitumia kutaniana sokoni, kule juu ilikuwa ndiyo lugha ya madhabahu.

Nyawira alinijia akiwa bado na chaki mkononi. Ni msichana mwenye uso wa baba yake. Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Akasema, "Mimi sina wasiwasi, baba mdogo. Niko na hasira tu." Kisha kengele ikalia akarudi darasani, kipindi cha kwanza kikiwa, kwa mujibu wa ubao, somo la falsafa ya taifa.

Ofisi ya tawi ilikuwa nyuma ya bucha. Mwenyekiti Gathogo alinipokea vizuri, akaniagizia chai. Zamani alikuwa mkatekista, na bado alikuwa na sauti ile ya kuuliza maswali ambayo majibu yake ameshayaandika. Nilijitambulisha kwa ukamilifu. Nilimweleza juu ya Uskochi, juu ya kazi zangu, nikataja waziri mmoja kwa jina lake la kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho akipuliza chai.

"Ni vizuri," alisema. "Wewe uko na diploma. Sisi tuko na Chama. Hiyo diploma yako ni ya kupima shamba. Hapa tunapima roho."

Nilimwambia hakuna sheria yoyote inayomlazimisha mtu ataje jina fulani katika maombi. Alitabasamu. Akasema ni kweli, hakuna, na ndiyo sababu hakumpeleka Ndirangu polisi. Polisi ni ya wezi. Hii ni mambo ya ndani. Mtu akimpenda mzazi wake, ataambiwa amtaje? Akinyamaza, ni roho inanyamaza. Kamati ilimpa mzee nafasi ya kulia, na mzee akakataa kulia.

"Ndugu yako si adui," alisema. "Chama ni baba na mama. Mama akikuchapa, si unalia? Basi alie kidogo tu, Jumamosi, hapo uwanjani. Apige magoti, aseme nilipotea. Tutamwimbia. Mimi mwenyewe nitamkumbatia, na maziwa yake itachukuliwa Jumatatu."

Nikauliza kama hakuna njia nyingine. Akaniuliza kama mbinguni kuna njia nyingine.

Nimeketi mbele ya maprofesa na mawakili wakali, na kila mara nimetoka na jibu. Pale nilitoka na chai tumboni. Mtu akibishana nawe kuhusu sheria unaweza kumshinda kwa sheria, lakini yule hakuwa akibishana.

Timau nilikwenda siku iliyofuata. Barabara inapita Naro Moru na Nanyuki, mlima ukiwa kulia kwako muda wote, kisha nchi inafunguka na ngano inaanza, ekari kwa ekari, njano hadi upeo wa macho. Kama mpimaji naliheshimu eneo lile: mistari imenyooka. Upepo wake ni baridi hata jua likiwa kali. Mzee M'Ikiara, baba wa kijana anayemwoa Nyawira, alinipokea ndani ya nyumba ya mbao, akanikalisha karibu na moto.

Si mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke, maana ingekuwa rahisi kwangu kumwandika kama mwoga. Alisema hana ugomvi na Ndirangu, amekula viazi vyake na kumpenda. Lakini mwanawe ni karani katika ofisi ya serikali pale Timau, na tayari mtu alikuwa amemwuliza kijana, kwa mzaha, kama anakwenda kuoa kwa "wale wanaoombea ng'ombe". Mzaha wa namna hiyo, mzee alisema, hutangulia kama chui anavyotanguliwa na harufu.

Nikamweleza kwamba kaka yangu hatatubu. Alikuna kidevu chake muda mrefu.

"Na wewe je?" akaniuliza.

Sikumwelewa.

"Wewe uko na beji," akasema. "Uko na kadi ya maisha. Uko na masomo, na gari. Damu ni moja. Kwetu na kwenu, baba akikosekana, ndugu yake anaketi kwa kiti. Keti wewe. Sisi tutaleta mbuzi kwa baba wa msichana, na baba wa msichana atakuwa wewe. Mtu akipiga picha, hakuna swali."

Sitajifanya kwamba sikufurahi. Nilikuwa nimekwama, na sasa mlango ulikuwa umefunguka, tena umefunguliwa kwa jina langu. Niliona moyoni kwamba ndicho nilichokuwa nimekijia: kila mmoja alikuwa amekosa njia, na mtu wa diploma ameipata. Tulipeana mikono. Nikala nyama kwake, nikarudi Mweiga nikipiga mluzi.

Kaka yangu nilimkuta akiwanyunyizia ng'ombe dawa ya kupe kwa bomba la mkono, kwa kuwa josho lile alilolifungua kwa maombi alikuwa haruhusiwi tena kulitumia. Nikamweleza shauri la Timau. Wangari, aliyekuwa ameshika ng'ombe kwa kamba, aligeuza uso. Kaka yangu hakuacha kunyunyiza.

"Desturi inaruhusu," alisema hatimaye. "Baba akiwa hayupo, ndugu yake huketi."

Nikamwambia, kwa heshima, kwamba yeye yupo, hili ni jambo la siku moja tu.

"Kamwulize mwenyekiti kama nipo."

Kisha akasema sawa. Alisema neno hilo moja, kwa Kiswahili, wakati tulikuwa tukizungumza Kigikuyu muda wote.

Jumamosi boma lilijaa. Watu ambao kwa majuma walikuwa wakipita upande wa pili wa barabara walikuja wamevaa nguo nzuri, kwa kuwa sasa hawakuwa wanakuja kwa Ndirangu, walikuwa wanakuja kwangu. Watu wa Timau walifika wakiimba, na mbuzi wao wenye afya. Niliketi mbele, kwenye kiti chenye mikono, suti na beji. Mwenyekiti Gathogo alifika ingawa hakuna aliyemwalika, akaamkia kila mtu, kisha akaniinamia kuniambia jambo dogo. Mkutano wowote wenye mwenyekiti ndani yake ni mkutano wa Chama. Mtu aliyefukuzwa hawezi kukaa katika mkutano wa Chama. Alisema hivyo kwa masikitiko, kama daktari.

Ndirangu hakungoja kuambiwa. Alikwishasimama upande wa ng'ombe, nyuma ya ua wa waya, katika sweta lake la kazini, akiegemea nguzo. Tulimwona sote, na hakuna aliyemtazama.

Mwenyekiti alifungua kwa maombi. Alimtaja Rais mwanzo, katikati na mwisho. Kisha tukasimama kwa kiapo, mikono kifuani, na kwa kuwa alikuwapo mwalimu alimwita Nyawira aongoze. Akaongoza. Alivaa gauni la bluu lililoshonwa na mama yake. Alitamka kila neno, watu wakamfuata, na nyuma ya waya ng'ombe mmoja alilia, na vijana wawili wakaangalia chini wasicheke.

Ikaja saa ya kibuyu. Kwa wasiojua desturi yetu: mahari haiwi mahari mpaka msichana apewe kibuyu cha kinywaji mbele ya watu wote, anywe kidogo, kisha ampelekee baba yake. Baba hanywi kabla binti hajampa, na akinywa, neno limefungwa. Zamani kilikuwa cha pombe ya muratina. Katika nyumba za kanisa hutumika uji uliochachuka. Shangazi mmoja alimpa Nyawira kibuyu. Akanywa. Akaanza kutembea.

Alinipita.

Sikudhani kwanza kwamba amekosea. Nilidhani anazunguka meza. Lakini aliendelea, kibuyu kwa mikono miwili, akielekea kwenye waya. Mzee M'Ikiara aliinamisha kichwa. Mwanawe alikuwa amesimama, na uso wake sikuweza kuusoma.

"Mwalimu," mwenyekiti akaita, kwa upole, "unapotea njia."

Nyawira alifika kwenye waya akakinyosha kibuyu. Baba yake alikitazama. Mikono yake ilikuwa juu ya waya. Angeweza kukipokea bila kunyosha kiwiko. Nadhani alihesabu mambo yote aliyokuwa nayo ya kuhesabu: kazi ya binti yake, kazi ya kijana, boma zima la watu waliokuwa wakingoja.

"Nyawira," alisema. "Baba yako ameketi kule."

Nyawira alibaki amesimama kidogo, kisha akageuka. Alirudi njia ile ile, akapiga goti mbele yangu kama inavyotakiwa, akanipa. Nilikunywa. Uji ulikuwa umechachuka vizuri sana, kazi ya shemeji yangu. Kina mama wakapiga vigelegele, na mwenyekiti akasimama akasema mwaona wenyewe, katika nchi hii hakuna mtoto anayekosa baba, kwa kuwa Chama ni baba na mama. Watu wakapiga makofi. Nilipigwa picha nikiwa katikati.

Asubuhi ya kurudi nilikuta mbuzi wote wamefungwa kwenye gari langu. Walikuwa kwenye bampa ya mbele na ya nyuma, wamefungwa kwa mafundo safi, mmoja akilamba vumbi la taa. Kaka yangu alikuwa akifungua lango. Nikamwuliza, nikicheka, hii ni nini tena. Mbuzi wale nilikuwa nimemwachia yeye, nani mwingine?

"Mbuzi wameletwa kwa baba," alisema. "Mimi siwezi kula mahari ya binti wa mtu."

Nikamwambia aache utoto. Nikamweleza mambo yote tena: kwamba nimeacha kazi yangu, nimezunguka mlima mzima, nimefanikisha ndoa ambayo yeye kwa ukaidi wake angeiua. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Hakuwa na hasira. Akanisogezea lango likawa wazi kabisa.

"Safari njema, Baba Nyawira," akasema.

Nilingoja acheke. Alikuwa amekwisha kurudi kwa ng'ombe wake.

Ilibidi nikodi pikapu ya mkulima jirani kubeba mbuzi hadi Nyeri. Niliwaacha kwa Salim, awauze au awachinje, vyovyote. Aliniuliza kama ndugu yangu alisamehewa. Nikamwambia haikuhitajika, jambo liliisha bila yeye. Salim alifuta kioo cha ile leseni yake kwa kitambaa, akasema bila kugeuka kwamba huko kwao, mtu ambaye mambo yake yanaisha bila yeye huswaliwa, kisha huzikwa.

Miaka kadhaa imepita sasa, na nimepata wakati wa kufikiri kama mtu aliyesoma. Nimesikia wasomi wakisema kwamba Chama kiliiga kanisa: nyimbo, viapo, picha, toba, benchi la nyuma. Ni kweli, lakini hawajafika mbali kama nilikofika mimi. Kanisa likimtenga mtu huacha nafasi yake wazi, na nafasi hiyo wazi ndiyo inayomwita arudi. Chama hakikumwachia kaka yangu nafasi wazi hata kwa alasiri moja. Kilimtafuta mtu wa damu yake, mwenye suti nzuri, kikamkalisha.

Na kwetu sisi kuna jambo kubwa kuliko kiti. Mgikuyu hufa, lakini hurudi kwa jina: mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa babu wa upande wa baba, na wa pili kwa babu wa upande wa mama. Hiyo ndiyo mbingu yetu ya zamani, ambayo wamisheni hawakuweza kuifunga. Nyawira na mumewe wanaishi vizuri Timau. Mtoto wao wa kwanza ana jina la Mzee M'Ikiara. Mwaka jana alizaliwa wa pili, wa kiume pia. Ndirangu yu hai, hakuwa ametubu, hakuwa amerudishwa, na mume wa Nyawira alikuwa anangojea kupandishwa cheo. Nililetewa picha ya ubatizo: mtoto mnene, paji la uso la kaka yangu kabisa. Nyuma ya picha Nyawira ameandika jina la mtoto kwa mwandiko wake wa ubaoni.

Anaitwa Wachira. Ni jina langu.